Je, Wajua? Laiboni Aliyevuka Mpaka

Je, wajua kwamba milima ya Loliondo, hapa juu ya Wasso, iliwahi kumpokea laiboni aliyekorofishana na mdogo wake? Ni Sendeyo, mwana wa Mbatian. Baba yao alifariki 1890 hivi, sotoka ikifyeka ng'ombe na ndui ikifyeka watu. Wana wakagombea urithi: Sendeyo akashika upande huu wa Wajerumani, Lenana akabaki ng'ambo kwa Waingereza.

Je, wajua Wamasai husimulia kwamba Lenana aliupata urithi kwa hila? Mbatian alikuwa chongo. Alimwambia Sendeyo aje alfajiri kupokea vifaa vya ulaiboni. Lenana, aliyesikia kwa siri, akawahi kukiwa bado giza. Wasomaji wa Biblia watamkumbuka Yakobo.

1894, njaa na vita vya ndugu vikimkaba, Lenana alikimbilia Fort Smith, ngome ya Waingereza karibu na Nairobi ya leo. Toka hapo morani waliandamana na askari wa mkoloni kuwapiga majirani, hata Wanandi mwaka 1905, wakilipwa ng'ombe wa kuteka. Kwa watu waliofilisiwa na sotoka, hayo hayakuwa malipo madogo.

Je, wajua cheo chake kilibuniwa? Waingereza walimwita chifu mkuu wa Wamasai wote. Laiboni hutabiri, hubariki na kutoa dawa. Tangu lini akagawa malisho? Lakini 1904 Lenana alikuwa miongoni mwa walioweka alama kwenye mkataba ulioyatoa malisho ya Bonde la Ufa kwa walowezi. Uliahidiwa kudumu maadamu Wamasai wapo.

Haukufika miaka saba. Lenana alifariki Machi 1911, na serikali ikadai wosia wake ulikuwa watu waihame Laikipia, mojawapo ya maeneo waliyoachiwa na mkataba ule. Aprili ukaja mkataba mpya, mwanawe mdogo Seggi akiwa ndiye chifu. Wamasai walipokwenda mahakamani 1913, waliambiwa mkataba ule ni wa mataifa mawili, mahakama haiuwezi. Taifa! Neno hilo hawakulisikia walipokuwa wakiswagwa kusini na mifugo yao.

Na Sendeyo? Alirudi 1902 kupatana na mdogo wake. Wote watatu wana vilele Mlima Kenya: Batian, cha baba, mita 5,199; Lenana, kinachopandwa na watalii wengi, 4,985; Sendeyo 4,704.