WIMBO WA TAIFA ULIPOTOKA

Kila mtoto wa shule katika Nyeri, Karatina, Nanyuki na Embu huuimba Wimbo wa Taifa bendera ipandishwapo. Lakini ni wachache wajuao kwamba mahadhi yake yalitoka katika wimbo wa Wapokomo wa kubembeleza watoto wapate kulala.

Wapokomo hukaa kando ya Mto Tana, upande wa pwani. Maji ya mto huo si mageni kwetu, kwa kuwa Mto Sagana utokao Mlima Kenya, na Mto Gura utokao Nyandarua, yote humimina humo. Basi maji yetu hushuka kwao, na wimbo wao umepanda kwetu.

Ulipandaje? Mwaka 1963, Uhuru ulipokaribia, watu watano waliteuliwa kuutengeneza wimbo wa nchi: Bwana Graham Hyslop, Mwingereza, Bwana George Senoga-Zake, mzaliwa wa Uganda, na Wakenya watatu, Bwana Thomas Kalume, Bwana Peter Kibukosya na Bwana Washington Omondi. Wakayachagua mahadhi hayo ya Kipokomo, ambayo hutajwa pamoja na jina la Mzee Meza Moroa Galana.

Upole wa wimbo wa mama haukuondolewa. Waliupangia sauti nne, kama zipangwavyo nyimbo za kanisani: mbili za juu na mbili za chini, kila moja ikishika njia yake na zote zikipatana. Maneno yakaandikwa kwa Kiswahili na kwa Kiingereza.

Walimu wa kwaya watakao kuchanganya muziki namna hii yawapasa kujihadhari. Katika Kikuyu na Kimeru, neno laweza kubadilika maana kwa kupandishwa au kushushwa sauti. Likilazimishwa kufuata mahadhi ya Ulaya, msikilizaji huenda akasikia neno jingine kabisa. Kiswahili hakina taabu hiyo. Kwa hiyo mtungaji wa Kikuyu hana budi kusikiliza kwanza jinsi lugha inavyosemwa, ndipo atunge.

Tena, asili ya wimbo isipotee. Katika vijiji vyetu wamo akina bibi wajuao nyimbo za kulaza watoto ambazo hazijaandikwa popote. Yafaa vijana wawaendee, wajifunze nyimbo hizo, na kuandika jina la kila aliyewafundisha. Wimbo usioandikwa wala kufundishwa huzikwa pamoja na mwenyewe.