Raga Katika Shule za Kakamega: Kazi Huanza Kabla ya Firimbi

Wasomaji wengi wanaokaa katika sehemu za Kakamega wamekwisha kuuona mpira ule wenye umbo la yai ukirushwa katika viwanja vya shule. Huenda baadhi yao wamejiuliza ni mchezo gani huu ambao mtu akishika mpira huangushwa chini, na watazamaji hupiga makofi. Huo ndio mchezo wa raga. Wako wanaousifu, na wako wanaouogopa. Mimi ni karani wa serikali, wala si mwalimu wa michezo. Lakini kwa miaka kadhaa nimeketi katika mikutano ya walimu nikiandika maazimio yao. Niliyoyaona huko napenda kuyaeleza hapa, kwa maana yamhusu kila mzazi mwenye mtoto shuleni.

ASILI YA MCHEZO

Raga ilitoka Uingereza. Sheria zake za kwanza ziliandikwa mwaka 1845 na wanafunzi wa shule iitwayo Rugby, na jina la mchezo latokana na shule hiyo. Katika Kenya uliletwa na walowezi na maofisa wa Kiingereza. Klabu ya Nondescripts iliundwa Nairobi mwaka 1923, na Kombe la Enterprise lilianza kushindaniwa mwaka 1930. Kwa muda mrefu raga ilikuwa mchezo wa shule za Wazungu, kama Prince of Wales na Duke of York. Shule hizo zilipofunguliwa kwa watoto wa rangi zote, na baadaye kuitwa Nairobi School na Lenana, vijana wa Kiafrika walijifunza mchezo huo humo wakaueneza mahali pengi.

Matunda yake yameonekana. Tarehe 17 Aprili 2016 timu ya Kenya ya wachezaji saba iliishinda Fiji huko Singapore kwa 30 kwa 7, na mwaka huo huo wanaume na wanawake wa Kenya walicheza raga katika Michezo ya Olimpiki mjini Rio de Janeiro. Hapa kwetu Kakamega, timu ya Kabras ilitwaa Kombe la Kenya mwaka huo huo wa 2016. Basi hakuna awezaye kusema tena kwamba raga ni mchezo wa watu wengine.

SWALI LA MZEE MMOJA

Hata hivyo, sifa za timu kubwa hazitoshi kuwatuliza wazazi. Katika shule moja ya kutwa, ambayo sitaitaja jina, kijana wa kidato cha pili alikimbia kumwangusha mwenye mpira. Hakuinama, akagongwa kichwani na goti, akalala kimya kwa muda mfupi. Alipoinuka, wenziwe walimshangilia, akaendelea kucheza. Jioni alianza kutapika, akachukuliwa kwa pikipiki hadi hospitali. Kwa neema ya Mungu alipona.

Siku ya mkutano wa wazazi baba yake alisimama. Watu walidhani atatukana, lakini aliuliza swali moja tu: “Walimu, mimi nalima miwa, sijui sheria za mchezo wenu. Niambieni, ni nani aliyemruhusu mwanangu arudi uwanjani?” Hakuna aliyejibu, kwa sababu hakuna aliyekuwa amepewa kazi hiyo. Mzee mwingine aliongeza kwamba kule Ikolomani na Shinyalu hata mafahali wa kupigana huwa na wenyewe wa kuwaangalia, seuze watoto wa watu.

Niliandika maneno hayo katika kumbukumbu, na nikatambua kwamba hapo ndipo penye shida yetu. Vijana wenye nguvu twawa nao wengi. Kinachopungua ni mpango.

MPANGO WA MASHINDANO

Mashindano ya shule za sekondari huenda kwa ngazi. Shule hushindana kwanza katika zoni, kisha katika kaunti ndogo, kisha kaunti nzima, halafu eneo, na mwisho taifa. Kaunti ya Kakamega ina kaunti ndogo kumi na mbili, tangu Likuyani na Lugari upande wa kaskazini hadi Khwisero na Butere upande wa kusini. Kwa desturi raga ya wachezaji kumi na watano huwa katika muhula wa kwanza, na ile ya wachezaji saba katika muhula wa pili.

Ngazi hiyo ni nzuri, lakini ina kasoro moja. Shule inayoshindwa siku ya kwanza hurudi nyumbani, na mpira wake huwekwa kabatini hadi mwaka ujao. Shule kubwa za bweni huzidi kupata mazoezi, na shule ndogo za kutwa huzidi kubaki nyuma. Kwa hiyo walimu wengine wameanza kupanga michezo ya kirafiki baina ya shule tatu au nne zilizo karibu, ambazo watoto waweza kuziendea kwa miguu. Hapana kombe, hapana gharama ya basi, na kila timu hucheza zaidi ya mara moja. Huanza asubuhi na mapema, kwa kuwa kila mkazi wa Kakamega ajua jinsi mvua yetu ipendavyo kunyesha alasiri.

Yafaa pia wasomaji wajue ni nani mwenye kazi gani. Kwa Katiba ya mwaka 2010, shule za sekondari ziko chini ya serikali ya taifa, lakini michezo na viwanja vyake katika kaunti ni kazi ya serikali ya kaunti. Mara nyingi barua hupotea baina ya afisi hizi mbili. Mwalimu mkuu anayetaka msaada wa kusawazisha uwanja aandike barua moja, nakala aipeleke upande wa pili, aeleze wazi kinachotakiwa, wala asiombe “msaada wa michezo” tu. Barua isiyotaja kitu haina wa kuijibu.

KUINAMA KWANZA

Mkulima hapandi mche shambani kabla haujakomaa kitaluni. Na raga ni vivyo hivyo. Mtoto aanze kwa mchezo wa kugusa tu, ambao mwenye mpira haangushwi; humo atajifunza kukimbia na kurusha mpira nyuma, kwa kuwa katika raga ni kosa kuurusha mbele kwa mkono. Baada ya hapo afundishwe kumwangusha mwenzake, kwanza akiwa amepiga magoti kwenye majani laini, kisha akitembea, na mwisho akikimbia. Kichwa chake kiwe pembeni, kamwe kisiwe mbele ya magoti ya mwenzake. Wahenga walisema, ukitaka cha mvunguni sharti uiname. Nadhani hakuna mahali methali hiyo ilipo kweli kuliko katika raga. Na sheria nayo yakataza kumkamata mtu juu ya mabega.

Kwa vijana walio chini ya miaka 19 sheria zina ulinzi zaidi. Kila nusu ya mchezo ni dakika 35, wala si 40. Katika skramu, yaani pale wachezaji wa mbele wanapoinama na kusukumana wapate mpira, hakuna timu iruhusiwayo kusukuma zaidi ya mita moja na nusu. Na kama timu haina vijana waliofunzwa kusimama mstari wa mbele, skramu huchezwa bila kusukumana hata kidogo. Mwalimu asiyejua mambo haya hana sababu ya kubaki hivyo, kwa maana World Rugby, chama kisimamiacho raga duniani, hutoa masomo ya sheria na ya usalama bila malipo kwa njia ya intaneti.

Jambo kubwa kuliko yote ni hili: kijana anayeshukiwa kupata mtikiso wa ubongo hutolewa uwanjani mara moja, na siku hiyo harudi, hata akisema yu mzima, hata timu ikishindwa. Hurudi polepole baada ya majuma, kwa idhini ya daktari. Walimu wa sehemu yetu waliazimia kwamba kabla ya firimbi kupigwa atajwe kwa jina mtu mmoja mwenye kazi hiyo, asiyekuwa kocha. Tena gari liwepo. Pasipo mtu huyo na gari hilo, hapana mchezo.

MITI SITA

Wengine husema raga ni mchezo wa matajiri. Lakini milingoti ya raga ni miti miwili iliyoachana mita 5.6, na mti wa kukingama ulio mita 3 kutoka chini. Mikaratusi yetu yatosha. Magunia yaliyojazwa majani makavu hufungwa kuzunguka miti ili kijana asijiumize.

Yule mzee mkulima wa miwa hajamrudisha mwanawe katika raga, na mimi simlaumu. Lakini mwaka uliofuata alisikia azimio lile likisomwa, na baada ya juma moja trekta lake likaingia shuleni na miti sita ya mikaratusi, inayotosha pande zote mbili za uwanja. Siku ya mchezo wa kwanza alikuja mapema, akasimama kando ya mstari, akamwuliza mwalimu, “Ni nani leo?” Mwalimu akamtajia jina. Mzee akavuta kiti, akaketi kutazama.

Wazazi wenzangu, siku shule ya mtoto wenu itakapotangaza mchezo wa raga, msikatae upesi wala msikubali upesi. Nendeni mkaulize swali la mzee yule. Mkijibiwa kwa jina la mtu, mwacheni mtoto acheze.