KAMBI YA WAPOLANDI ILIYOGEUKA CHUO CHA MIFUGO

Ndugu msomaji, umewahi kusikia habari za Wazungu waliokuja Afrika Mashariki mikono mitupu, si mabwana wala wamisionari, bali wakimbizi? Mwaka jana chama chetu kilipofunga safari ya Arusha kusikiliza Kiswahili cha wenzetu wa Tanzania, tulipitia Tengeru, kilomita 13 hivi kutoka mjini kwenye barabara ya Moshi. Huko ndani ya chuo cha mifugo, nyuma ya ukuta na lango, tulikuta makaburi karibu 150 yenye majina ya Kipolandi. Wee! Hata mwalimu alishindwa kuyatamka.

Makaburi ya Wapolandi chini ya Mlima Meru yametoka wapi? Habari yenyewe ni ndefu kidogo, nivumilie.

Mnamo Septemba 1939 nchi ya Poland ilivamiwa na Wajerumani kutoka magharibi, na baada ya siku 16 Wasovieti nao wakaingia kutoka mashariki. Kuanzia Februari 1940 Wasovieti walizoa familia nzima nzima, wakazipakia katika mabehewa ya kubebea mizigo na kuzipeleka Siberia na Kazakhstan. Kule watu walikatishwa miti katika baridi isiyosemeka, na wengi wakafa kwa njaa na maradhi. Mwaka 1941 mambo yakageuka ghafla: Ujerumani ikamshambulia mshirika wake Msovieti, naye akakubali kuwaachilia Wapolandi aliokuwa amewafunga. Zaidi ya watu 100,000, wanajeshi na raia, walivuka Bahari ya Kaspi mwaka 1942 na kuingia Iran. Wanaume wenye nguvu wakaenda vitani. Kina mama, watoto na mayatima wakabaki, na kwa vile hawakuwa na kwao pa kurudi, Waingereza wakawatafutia nafasi katika makoloni yao. Takriban 18,000 wakaletwa huku Afrika kwa meli. Hapa kwetu Kenya walipitia Mombasa, na wengine wakawekwa Makindu na Rongai. Uganda walipelekwa Masindi na Koja. Lakini kambi iliyozishinda zote kwa ukubwa ilikuwa Tengeru, iliyokuwa na watu wapatao 5,000.

Hapa lazima nieleze jambo moja, kwa maana neno "kambi" hutuchanganya. Wakati wa vita hivyo Waingereza walikuwa na kambi za namna nyingi. Walifungia Wajerumani waliokuwa wakiishi Tanganyika, na walikuwa na mateka wa Kiitaliano, wale wale waliojenga kile kikanisa kidogo cha Mai Mahiu mwaka 1942, ambacho kila anayeteremka bondeni hukiona. Tengeru haikuwa kifungo cha namna hiyo. Hata hivyo mkuu wa kambi alikuwa Mwingereza, na wakimbizi hawakuchagua kuja pale. Waliwekwa.

Walipowekwa hawakukaa kulia tu. Waliishi katika nyumba za mviringo zenye kuta nyeupe na paa za nyasi, kama msonge wa kwetu kabisa. Wakawa na hospitali, kanisa la Kikatoliki, la Kiorthodoksi, na hata sinagogi. Walilima na kufuga. Tena walianzisha shule, za msingi, sekondari na za ufundi, na mimi jambo hili ndilo lililonishika zaidi. Mtoto aliyetoka Siberia akiwa mifupa mitupu anaketi chini ya Mlima Meru, anafanya hesabu! Sisi tukikosa chaki siku moja twasema leo hakuna masomo.

Vita viliisha 1945, lakini vijiji walikotoka wengi wao vilikuwa vimekabidhiwa Wasovieti. Wachache walirudi Poland. Wengine walipelekwa Uingereza, Kanada na Australia, na kambi ikafungwa mwanzoni mwa miaka ya 1950. Waliobaki Tengeru walikuwa wa kuhesabika, na wa mwisho wao alifariki mwaka 2015.

Pale walipoishi pakawa mahali pa mafunzo ya kilimo na mifugo. Leo Wakala wa Mafunzo ya Mifugo una kampasi pale, na vijana husomea afya ya mifugo na uzalishaji wake. Nyumba za nyasi hazipo tena, si unajua nyasi hazidumu. Yaliyodumu ni makaburi, na hayo yamedumu kwa sababu kuna watu wa hapo hapo wanaofyeka majani na kupaka rangi, kizazi baada ya kizazi, ilhali hawana undugu wowote na waliolala humo.

Kuna jambo jingine ambalo siku ile hatukuambiwa. Nimelisoma baada ya kurudi. Mwaka 1951, wakati kambi ya Tengeru ilikuwa ikielekea kufungwa, serikali hiyo hiyo ya Waingereza iliwafukuza Wameru wapatao 3,000 kutoka Engare Nanyuki, upande wa pili wa mlima, na kuchoma nyumba zao, ili walowezi wa Kizungu wapate ranchi. Wameru walichanga fedha wakamtuma Kirilo Japhet hadi New York, akazungumza mbele ya Umoja wa Mataifa mwaka 1952. Hakurudi na ardhi, lakini kesi hiyo iliamsha watu Tanganyika nzima. Kwa maoni yangu, aliyeonyeshwa Tengeru bila kuambiwa habari za Engare Nanyuki ameonyeshwa nusu ya mlima. Mlima mmoja, serikali moja, mgeni anapewa nyumba na mwenyeji anachomewa yake. Wapolandi hawana lawama hapo, maana nao walikuwa wamechomewa kwao.

Nimeshamwomba mlezi wa chama tupite huko safari ijayo. Ukitoka Tengeru kuelekea Moshi, mbele kidogo utafika Usa River, na hapo kuna njia inayopanda hadi Ngare Nanyuki. Nauli ni shauri la mweka hazina.