Kompyuta Kuukuu na Linux (2): Kasoro Haiko kwenye Prosesa

Sehemu ya kwanza ilieleza kwa nini kompyuta nyingi ambazo bado ni nzima zimewekwa kando tangu Microsoft ilipoacha kuihudumia Windows 10 mnamo Oktoba 14, 2025, ilhali Windows 11 inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na, kwa mashine za Intel, prosesa za kizazi cha nane na kuendelea, isipokuwa chache. Ushauri unaotolewa kwa wenye mashine hizo ni mwepesi mno: weka Linux ndogo, mambo yatanyooka. Wanaoufuata ushauri huo peke yake mara nyingi huiona Linux nayo inakokota, wakaishia kuamini kwamba mashine imezeeka isitibike. Ninavyoona mimi, kompyuta kuukuu haichelewi kwa kufikiri polepole bali kwa kungoja, na kwa hiyo matengenezo yaanze na bisibisi kabla ya kufikia swali la Linux ipi.

Tuichukue ThinkPad X220, mashine iliyotoka mwaka 2011 na ambayo bado inauzwa kama mtumba. Prosesa yake ya Core i5-2520M hupiga mizunguko bilioni 2.5 kila sekunde. Kompyuta mpakato nyingi za enzi hizo zilifungwa diski inayozunguka mara 5,400 kwa dakika, yaani mara 90 kwa sekunde. Ili kusoma kipande kimoja cha faili, kichwa cha diski husogea hadi kwenye njia yake, kisha hungoja sahani izunguke mpaka kipande kifike chini yake. Ukijumlisha safari hiyo na wastani wa nusu mzunguko, unapata kama milisekunde 16. Katika muda huo prosesa imepitisha mizunguko milioni 40, na mingi imepita bure kama inachongoja ni kipande hicho. Kuwasha kompyuta au kufungua kivinjari kunahitaji maelfu ya vipande vilivyotawanyika, na diski ya namna hii huleta sitini hivi tu kwa sekunde. Ni mpishi hodari anayeletewa kitunguu kimoja kimoja kutoka sokoni: kumbadilisha mpishi hakutaharakisha chakula. SSD, diski isiyozunguka, haina sahani wala kichwa cha kusogea, na kipande kinapatikana kwa takriban sehemu moja ya kumi ya milisekunde. Kwenye X220 kazi ya kubadilisha diski ni skrubu moja tu, mradi SSD iwe nyembamba ya milimita 7.

Kungoja kwa pili kunatoka kwenye RAM. Ikijaa, kiini cha Linux huhamishia sehemu ya kumbukumbu kwenye diski na kuirudisha inapohitajika, na hapo tumerudi kwenye foleni ileile. Mashine yenye gigabaiti 4 hufika huko upesi. Na hapa ndipo mjadala wa muda mrefu kuhusu sura nyepesi za Linux unapopoteza uzito. Xfce kweli hula kumbukumbu kidogo kuliko GNOME, lakini tofauti yao ni mamia kadhaa ya megabaiti, ilhali kivinjari chenye kurasa kumi zilizojaa picha na video kinameza gigabaiti mbili au zaidi kwa urahisi. Vipande viwili vya DDR3 vya gigabaiti 4 kila kimoja vinaifikisha X220 kwenye gigabaiti 8, kiwango rasmi cha mtengenezaji, na kwa kuwa mashine mpya hazitumii tena aina hiyo, mafundi wanavyo vilivyotolewa kwenye kompyuta zilizokufa. Asiyeweza kuongeza awashe zram, ambayo hubana yaliyomo ndani ya RAM yenyewe badala ya kuyapeleka diskini. Baada ya hayo Linux Mint yenye Xfce inatosha kabisa. Hata GNOME itaenda. (Vumbi kwenye feni lisisahauliwe: prosesa ikipata joto hujipunguzia kasi.)

Atakayepinga atasema prosesa ya 2011 ni ya 2011. Ni kweli, na kuna mahali ukweli huo unauma. Sehemu ya picha ya X220 inafungua video za H.264 yenyewe, lakini haijui VP9 wala AV1, miundo ambayo YouTube huipendelea. Mzigo wote unaangukia prosesa na feni inaanza kuvuma. Kiongezi cha kivinjari kinachodai H.264 hupunguza adha hiyo. Kuhariri filamu ni kazi ya mashine nyingine. Tena, kompyuta ya biti 32 nisingemshauri mtu aitolee fedha: Debian 13, iliyotoka Agosti 2025, haina tena kisakinishi cha mashine za namna hiyo.

Pingamizi zito zaidi ni la programu. Ofisi inayotegemea programu ya hesabu iliyoandikwa kwa Windows pekee ibaki nayo, na mchoraji wa AutoCAD vilevile. Lakini barua, majedwali, baruapepe na masomo ya mtandaoni vinafanyika kwenye LibreOffice na Firefox, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kuitafsiri OpenOffice, mtangulizi wa LibreOffice, kwa Kiswahili tangu 2004, kwa hiyo programu za namna hii si ngeni kwetu. Mwenye shaka awashe Linux kutoka kwenye flashi bila kuisakinisha, apime Wi-Fi, sauti, na kama mashine inalala kifuniko kikifungwa. Asipime kasi kwa njia hiyo, maana flashi nayo ni ya polepole. Na anayehofia kupoteza faili zake akumbuke kwamba diski ya zamani, ikishatolewa ili kuipisha SSD, inabaki na Windows na kila kilichokuwamo. Linux isipompendeza, atairudisha kwa skrubu ileile.