Neno 'pozitivu' lilivyompotezea mzee miezi mitatu: Lugha na habari za saratani Gusii

JIRANI yangu mmoja wa Nyamira, mzee aliyenizidi miaka michache tu, alipimwa uvimbe uliomwota shingoni. Majibu yalipotoka aliambiwa kwa mkato: "Mzee, ni pozitivu." Kisha akaitwa mwingine.

Alirudi nyumbani kimya. Kwa karibu miezi mitatu hakumwambia mtu, hata mkewe. Alipopata ujasiri wa kunijia, alisema: "Mwalimu, nilijua nina Ukimwi. Kwa umri huu ningemwambia nini mama watoto?" Nilipoisoma karatasi yake niliona kwamba alikuwa na saratani. Ukimwi haukutajwa popote.

Nimefundisha isimu kwa miaka mingi, na nimezoea kusahihisha makosa ya lugha kwa kalamu nyekundu. Kosa hili halisahihishiki kwa kalamu. Kwa mgonjwa wa saratani, miezi mitatu si kitu kidogo.

Tuanze na neno lenyewe. Tangu kampeni za Ukimwi zipambe moto nchini, "pozitivu" masikioni mwa Mkenya wa kawaida ina maana moja tu. Wenye kutafsiri vijikaratasi vya afya hulikwepa na kuandika "matokeo chanya". Lakini katika Kiswahili cha kila siku, chanya ni jambo jema: mtazamo chanya, mabadiliko chanya. Mgonjwa anayesoma kwamba matokeo yake ni chanya ana haki ya kuchinja kuku na kushukuru Mungu! Hapo neno moja linatisha pasipofaa na la pili linafariji pasipofaa. Dawa yake ni sentensi kamili: "Katika kile kipande cha nyama tulichokitoa shingoni mwako, tumekuta saratani."

Sasa tutazame jinsi watu wazima wanavyotafuta habari za ugonjwa huu. Asiye mgonjwa, kwa kawaida, hatafuti. Habari humfuata alipo: redioni katika vituo vya Ekegusii kama Egesa FM, kanisani, kwenye matatu, kwenye WhatsApp ya ukoo. Humfikia pia matangani, japo huko huvikwa nguo. Husemwa kwamba marehemu "aliugua kwa muda mrefu", na waombolezaji huondoka bila kujua aliugua nini wala dalili zilianzaje. Tafsida hiyo huhifadhi heshima ya marehemu, lakini humnyima nduguye aliye hai onyo ambalo lingemfaa.

Aliyekwisha kuambiwa ana saratani huwa na maswali mengine kabisa. Hataki tena kujua saratani ni nini kwa jumla. Anauliza: Yangu imefika wapi? Nitakula nini? Dawa zitanifanya nini? SHA italipa ngapi, na shamba litauzwa au litabaki? Mtu huyu anatafuta, tena kwa haraka.

Anatafuta wapi? Nchini Marekani kuna uchunguzi wa kitaifa uitwao HINTS ulioanza kukusanya maoni ya watu wazima mwaka wa 2002. Matokeo ya awali yalionyesha kwamba karibu nusu ya waliohojiwa walipendelea kumwendea daktari kwanza. Lakini walipoulizwa walianzia wapi hasa, karibu nusu walisema intanetini, na asilimia 11 hivi tu ndio walioanza na daktari. Imani ilikuwa kwa daktari ila miguu ilikwenda kwingine.

Kwetu Gusii hali haiko mbali na hiyo. Tunamwamini daktari, lakini tunaanza na aliye karibu: simu ya mjukuu, jirani aliyewahi kuuguza, au mwenye kipaza sauti sokoni anayenadi chupa moja inayotibu kansa, kisukari na maumivu ya mgongo. Huyu wa mwisho ana sifa moja ambayo wataalamu wetu wengi hawana. Anaeleweka.

Hata kwenye simu, lugha huamua utakachokiona. Mjukuu akiandika "kansa" atapata kurasa fulani, na akiandika "saratani" atapata nyingine. Maneno haya mawili ni ndugu wa maana: "saratani" imetoka Kiarabu na asili yake ni kaa, yule mnyama wa baharini. Neno la Kilatini lililozaa "kansa" nalo ni kaa yuyo huyo, na Wagiriki wa kale walimtumia vilevile kuutaja ugonjwa. Katika Kiswahili sanifu nitaandika saratani. Lakini bango la zahanati ya Keroka au Nyansiongo likiwa na "saratani" pekee, litampita bibi anayejua "kansa" tu. Yaandikwe yote mawili.

Majina ya viungo nayo yana mtego wake. Wengine huandika "mlango wa kizazi", wengine "shingo ya kizazi". Mama aliyesikia "shingo" pekee anaweza kujishika shingoni asijue anazungumziwa nini. Picha moja ya mwili ingetosha kuuondoa utata huo.

Mtego ninaouhofia zaidi ni mdogo kwa sura. Daktari akitaka kujua historia ya ukoo huuliza kwa Kiswahili: "Baba yako aliwahi kuugua saratani?" Katika Ekegusii, "baba" ni mama! Baba mzazi ni "tata". Omong'ina ambaye Kiswahili chake ni cha sokoni anaweza kujibu kuhusu mamake, na daktari akaandika habari hizo kwa jina la babake. Katika saratani ya matiti, ambapo ugonjwa wa mama mzazi ni jambo la kuzingatiwa sana, kosa hilo lina uzito. Ni salama zaidi kuuliza, "Mama aliyekuzaa? Na mumewe?"

Sheria haijanyamaza. Kifungu cha 8 cha Sheria ya Afya ya 2017 kinamtaka mhudumu amweleze mgonjwa hali yake na njia za matibabu, inapowezekana kwa lugha anayoielewa na kwa kuzingatia kiwango chake cha kusoma. Katiba ya 2010 nayo, katika Kifungu cha 7, inaitaka serikali ikuze lugha za kiasili. Ekegusii hospitalini Kisii au Nyamira, basi, si hisani ya muuguzi mwenye moyo mzuri.

Nasi wagonjwa na jamaa zetu tuna wajibu. Tumelelewa kwamba mkubwa haulizwi maswali, na daktari tumemfanya mkubwa hata akiwa rika la wajukuu wetu. Usitoke chumbani kabla ya kumrudishia kwa maneno yako ulichosikia: "Daktari, nimeelewa kwamba nina hiki, na natakiwa kufanya hiki. Ni kweli?" Yule jirani yangu angeuliza hivyo, angejua siku ileile.

Sasa yuko kwenye matibabu. Kila akienda kliniki huandamana na bintiye, na bintiye huenda na daftari.