Vidonge vya Moyo na Hatari ya Kufidia

Mgonjwa wa moyo aishiye Mgeta, katika milima ya Uluguru, huenda akashuka hadi Morogoro mjini kufuata vidonge vya digoksini. Masika yakiharibu njia, hukosa dawa siku kadhaa. Avipatapo hushawishika kumeza viwili viwili ili kufidia. Hapo ndipo penye hatari. Digoksini, itokanayo na mmea wa Ulaya uitwao digitalisi, huupa moyo nguvu na kupunguza kasi ya mapigo, lakini kipimo kiponyacho kimekaribiana mno na kile kidhurucho. Tena haitoki mwilini upesi: baada ya siku moja na nusu, karibu nusu yake bado imo. Kichefuchefu na kuona vitu kwa rangi ya manjano ni dalili za sumu. Tabibu Mwingereza William Withering aliziandika tangu mwaka 1785. Azionaye asimeze kidonge kingine kabla ya kumwona daktari.