Mvinyo wa Kitaliano Katika Joto la Ndera

Mjomba wangu ndiye aliyenilipia karo ya shule. Alikuwa msaidizi wa jikoni kwa Wataliano wa San Marco, kule Ngomeni, ambako maroketi yalirushwa kutoka baharini tangu 1964 hadi 1988. Aliponiarifu kwamba angekuja kunizuru hapa Ndera, ninakofundisha, sikuona la kumpa ila moja: ule mvinyo mwekundu aliokuwa akiusifu tangu nilipokuwa mtoto.

Lakini Ndera si mahali pa kuutafuta. Hapa kando ya Mto Tana wengi ni Waislamu, na kinywaji si jambo la kutangazia majirani. Basi nikafunga safari hadi Malindi, mji ambao Wataliano wameufanya makao kiasi cha wachuuzi wengi kukijua Kitaliano.

Chupa ya kwanza ilinitia aibu. Niliichagua kwa uzuri wa karatasi yake, kisha ikapanda juu ya basi pamoja na mizigo, juani kutwa, hadi Garsen na mbele yake. Nilipoitazama jioni, kizibo kilikuwa kimejisukuma nje, na ladha yake kama matunda yaliyochemshwa. Fedha zangu zilikwenda na maji.

Safari ya pili nilimwendea mpishi mmoja mzee, akanifunza. Usinunue picha, alisema, soma maandishi. Chianti hutoka Toscana, na zabibu zake, sabini kwa mia au zaidi, ni Sangiovese. Ukakasi wake hupatana vyema na nyama na mchuzi wa nyanya. Barolo, wa zabibu za Nebbiolo kutoka Piemonte, ni mzito na bei yake ni kali; huo waachie wenye mali. Herufi DOCG shingoni mwa chupa ni ushahidi kwamba mvinyo umekaguliwa kwa sheria ya Italia. Ukikosa hayo yote, usidharau divai nyekundu ya Dodoma, Tanzania, ambako wamisionari walipanda mizabibu. Na kamwe usichukue chupa iliyosimama dirishani penye jua.

Nikanunua Chianti moja. Niliifunga kwa gunia lililoloweshwa maji, nikapanda basi la alfajiri, nikaipakata kama mtoto mchanga. Nyumbani niliilaza kwenye mchanga wenye unyevu, ubavuni mwa mtungi.

Mjomba alipokunywa funda la kwanza alinyamaza kitambo. Nikaogopa.

"Mpwa wangu," akauliza, "hii umeilipia shilingi ngapi?"

"Haifiki karo ya muhula mmoja, mjomba."

Alicheka hata machozi yakamtoka, kisha akarudisha kizibo ili nusu ibaki ya kesho.

Naam, msomaji mpenzi, kama dini yako inakuruhusu, ukienda Malindi soma maandishi kwanza. Na ukirudi, jihadhari na jua.